Mtoto Husafiri, na Elimu Yake Je?



Mama mmoja wa Tanga ameiandikia safu hii barua ya kurasa tatu. Mwanawe wa kwanza alipelekwa kusoma shahada katika chuo kikuu cha nchi jirani. Alifaulu mwaka wa kwanza, akafaulu na wa pili. Ndipo baba yake alipofariki dunia, na kijana akaona ni wajibu wake kurejea karibu na mama na wadogo zake, amalizie masomo hapa nyumbani. Alipobisha hodi katika chuo kimoja cha hapa nchini aliambiwa kwamba atapokewa, ila sharti aanze upya mwaka wa kwanza. Mama anauliza: “Ile miaka miwili ya mwanangu imekwenda wapi? Na machungwa niliyouza kuilipia, nani atanirudishia?”

Swali la mama huyu ni zito, nami sitalijibu kwa pole peke yake. Tunapomsindikiza mtoto kwenda kusoma nje, sote hushughulika na nauli, nguo za baridi na mikoba. Tunasahau kwamba mtoto husafiri kwa basi au kwa ndege, lakini elimu yake husafiri kwa karatasi. Karatasi zisipoandaliwa kabla ya safari, mtoto hurudi na elimu ikabaki ng’ambo.

Haikuwa hivyo wakati wote katika Afrika Mashariki. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mtanganyika aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda Nairobi. Mganda au Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa Rais wa Uganda, alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1967 hadi 1970. Walimu nao walivuka mipaka: Walter Rodney, mwana wa Guyana, alifundisha hapa petu kwa vipindi viwili kati ya mwaka 1966 na 1974. Mwanafunzi wa siku zile hakuulizwa kama masomo ya Makerere yanatambuliwa Nairobi, kwa kuwa chuo kilikuwa kimoja na shahada ilikuwa moja.

Mwaka 1970 chuo hicho kiligawanywa kuwa vyuo vikuu vitatu, kila nchi na chake. Haki hiyo haina lawama, maana taifa changa lilihitaji chuo kinachotii mahitaji yake. Lakini tangu hapo kila chuo kilijiwekea mizani yake. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala na ambalo chimbuko lake ni mwaka 1980, limekuwa likijitahidi kuiunganisha mizani hiyo. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tamko ni jema, ndugu msomaji. Walakini tamko halimfikii kijana mpaka limfikie karani wa masjala anayepokea vyeti vyake.

Tutazame jinsi mizani yenyewe inavyofanya kazi. Masomo ya chuo kikuu hupimwa kwa krediti. Hapa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Katika nchi nyingi za Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka mzima ni krediti 60. Basi kijana aliyesoma nusu mwaka huko hurudi na krediti 30. Asiyejua tofauti hiyo ataona ni robo tu ya mwaka wetu, hali kwa hakika ni nusu. Kijana hakupoteza kitu, bali amepimiwa kwa kibaba cha jirani.

Wazungu nao waliwahi kusumbuliwa na jambo hili. Mwaka 1987 nchi 11 za Ulaya zilianzisha mpango uitwao Erasmus, na mwaka huo wa kwanza walisafiri wanafunzi 3,244. Nguzo ya mpango huo leo ni karatasi moja, yaani mkataba wa masomo. Kabla mwanafunzi hajaondoka, mwenyewe, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea hutia sahihi wakikubaliana atasoma kozi zipi na zitahesabiwaje atakaporudi. Tangu mwaka 2015 vyuo vya Afrika navyo vimeweza kushiriki katika mpango huo. Wala hakuna kinachotuzuia kutumia utaratibu kama huo baina yetu wenyewe, Arusha na Nairobi, Mwanza na Kampala, bila kungoja fedha za mgeni.

Kwa hiyo, wewe mzazi unayejiandaa kumtuma mwanao, uliza mapema. Iulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo kile na shahada ile vinatambuliwa hapa nchini. Akiwa anasomea udaktari, uhandisi au sheria, liulize pia baraza la taaluma yake, kwa sababu kutambuliwa kwa shahada hakumaanishi moja kwa moja ruhusa ya kufanya kazi ile. Uliza bima ya afya itamlinda nani na kwa kiasi gani, na kibali chake cha kuishi ugenini kitakwisha lini. Mwagize ajiandikishe katika ubalozi wetu mara afikapo.

Kisha, kila muhula unapokwisha, aombe matokeo yenye muhuri pamoja na maelezo ya kila kozi: ilifundisha nini na kwa saa ngapi. Nakala moja na ibaki nyumbani. Mwezi Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, Watanzania walirejeshwa nyumbani, na wanafunzi walikuwemo. Anayekimbia risasi hana muda wa kupanga foleni masjala. Bahasha iliyotunzwa kabatini mwa mama yaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee uliosalia.

Lakini tusimtwike mzazi mzigo wote. Chuo kinachojiita cha kimataifa hakipimwi kwa wingi wa bendera langoni. Kinapimwa kwa kuwa na mtu, mwenye meza na jina, ambaye mgeni akifika humwongoza kuhusu kibali, malazi na masomo, na mwenyeji akirudi humhesabia alichokisoma. Kadhalika kwa walimu. Mhadhiri hutumwa nje miaka mitatu au minne kutafuta shahada ya uzamivu, wenzake wakibeba vipindi vyake. Akirejea akakuta hana ofisi, maabara haina vifaa na cheo chake kimelala, tusishangae akifunga tena mizigo. Mkataba wa kumlazimisha arudi waweza kuurudisha mwili wake. Moyo wake utarudishwa na kazi iliyomngoja. Masomo yale mara nyingi hugharimiwa kwa kodi ya mkulima na mfanyakazi, nao wana haki ya kuuliza yamezaa nini.

Nirudi kwako, mama wa Tanga. Barua yako yasema mwanao alipeleka karatasi ya alama peke yake. Alama zasema amefaulu. Hazisemi alifundishwa nini. Naye aliyezipokea alichukua njia nyepesi. Mwanao akiandikie chuo chake cha zamani, aombe maelezo ya kozi zote za miaka miwili. Akiyapata, aombe kwa barua kuhamishiwa krediti, na atake jibu la maandishi, kozi kwa kozi, likitaja ipi imekubaliwa na ipi imekataliwa, na kwa sababu gani. Asipoelewa jibu hilo, aende nalo kwenye Tume.

Sitakudanganya kwamba yote yatarudi. Huenda kozi kadhaa zikakataliwa, kwa kuwa hazimo katika shahada ya hapa, na huenda akapoteza muhula au mwaka. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kukosa mwaka mmoja kwa sababu iliyoelezwa na kukosa miwili kwa sababu hakuna aliyefungua jalada. Machungwa yako yalimsomesha kweli, mama. Sasa ni wajibu wa vyuo kuyasoma yaliyoandikwa.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia nyote amani katika nyumba zenu.