Naan nunua, daal pika

Leo kompyuta tuziweke kando kidogo, ndugu wasomaji, tuongee habari za tumbo. Sisi tunaoandika programu tuna swali moja lisilozeeka: kitu hiki tukitengeneze wenyewe au tununue kilichokwisha kutengenezwa? Watu hukesha wakibishana juu yake. Na swali lilo hilo nalisikia hapa Nairobi kila mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia: chakula cha Kihindi, cha Kichina, cha Kiitaliano, cha Kihabeshi, tukipike nyumbani au twende mkahawani?

Majibu ninayosikia ni mawili na yote hayanitoshi. Kuna wale wanaosema kupika nyumbani ni bei nafuu siku zote. Hao hawahesabu chupa ya mafuta ya ufuta iliyofunguliwa kwa ajili ya mlo mmoja, ikabaki kabatini mpaka ikapitwa na tarehe. Halafu kuna wale wanaosema chakula cha kigeni chenyewe kiko mkahawani, cha nyumbani ni kuigiza tu. Hao nao hulipa hela nyingi kwa vitu vya kuchemshwa kwenye sufuria.

Mimi nauliza jambo moja tu kabla ya kutoa pochi: chakula hiki kinataka moto gani?

Tazameni chapati. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta kama wafanyakazi 32,000 kutoka India kujenga reli ya Uganda, na kabla yao walikuwapo wafanyabiashara wa Kihindi huko pwani. Chapati, sambusa na bhajia vikaingia majikoni mwetu, na leo mjaribu mtu kumwambia mama wa Murang'a au Kakamega kwamba chapati za Krismasi ni chakula cha kigeni! Lakini naan je? Unga ni ule ule wa ngano, na upishi wake umetoka Bara Hindi hilo hilo. Mbona hakuna anayepika naan Krismasi?

Jibu liko kwenye jiko. Chapati inataka kikaango na jiko la makaa, vitu ambavyo kila nyumba inavyo. Naan inataka tandoor, chungu kikubwa cha udongo chenye makaa ndani, ambacho joto lake laweza kufika nyuzi 480 za Selsiasi. Unga unabandikwa ukutani mwake, na kwa dakika moja au mbili umefura, umeungua madoadoa, na ndani bado laini. Ovena ya kawaida ya nyumbani inaishia kama nyuzi 250, na wengi wetu hata hiyo hatuna, tuna meko ya kilo sita tu. Ukipika naan kwa moto mdogo inakaa muda mrefu, inakauka kabla ya kuungua, na unachopata ni chapati nene yenye hamira. (Neno letu "tanuri" na hilo "tandoor" ni ndugu, wenye lugha wanasema. Na huko pwani mkate wa mofa nao huokwa kwenye tanuri la udongo, na wengi huununua. Wazee walishajua.)

Waitaliano ni hadithi hiyo hiyo. Waliitawala Somalia ya kusini, wakaondoka, baasto ikabaki. Leo Eastleigh tambi ni chakula cha nyumbani kabisa, na ndizi mbivu pembeni, kwa sababu tambi zinataka maji yanayochemka tu, na maji yanachemka kwa joto lile lile awe anapika bibi wa Eastleigh au mpishi mwenye kofia ndefu. Pizza ndiyo iliyobaki nje. Sanaa ya wapishi wa pizza wa Napoli iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2017, na kwa kanuni zao pizza hukaa ndani ya tanuri la kuni sekunde 60 hadi 90 hivi. Sekunde! Ile tunayooka nyumbani kwa dakika 15 si mbaya, watoto wataimaliza, lakini ni mkate wenye nyanya na jibini.

Kwa hiyo nikiona mtu ameagiza tambi za nyanya mkahawani, roho inaniuma kwa niaba yake. Daal ndiyo inaniuma zaidi. Bei ya bakuli moja la daal kwenye mkahawa wa meza zenye vitambaa yaweza kununua kama kilo mbili za kamande. Na kazi yenyewe ni nini? Unachemsha kamande na manjano mpaka zivurugike. Kwenye kikaango kidogo unachemsha mafuta au samli, unatupia binzari nyembamba ipasuke, kitunguu saumu kiwe rangi ya dhahabu, pilipili, halafu unamwaga yote juu ya kamande yakiwa bado yanalia. Siri yote iko kwenye yale mafuta ya mwisho, na karai lako linayaweza sawasawa na karai lolote la Parklands. Viungo viko Ngara, mboga na dania ziko soko la City Park. Tena viungo hivi havilali kabatini kama yale mafuta ya ufuta, kwa sababu vinaingia kwenye pilau, kwenye maharagwe, kwenye ndengu za Jumatano.

Na msisahau serikali. Mkahawa uliosajiliwa unakutoza VAT ya asilimia 16, na kuna ushuru wa utalii wa asilimia 2 juu ya chakula. Gesi ya kupikia nayo iliondolewa VAT mwaka 2023. Kuchemshiwa kamande na kulipia kodi ya kuchemshiwa, hapana, mimi sitaki.

Chakula cha Kichina kiko katikati, na hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure. Jiko la gesi la mkahawa wa Kichina lina nguvu mara kadhaa kuliko meko yako, pengine mara kumi. Wakantoni wana jina la harufu inayotoka hapo, wok hei, yaani pumzi ya karai. Wewe nyumbani unamwaga wali wa watu wanne kwa mpigo, karai linapoa, maji yanatoka, na badala ya kukaangika wali unatokota. Halafu unalaumu sosi. Ni sawa na kuipa mashine ndogo maombi elfu kwa wakati mmoja kisha unashangaa imekwama. Dawa ni kupunguza mzigo: wali wa jana uliokauka, sahani moja moja, karai likitoa moshi kabla hujaweka chochote. Mtu wa nne atasubiri, ndiyo, lakini atakula wali uliokaangwa. Bata wa kuning'inizwa na kuokwa mzima, huyo muachie Mchina wa Kilimani.

Si moto tu, baridi nayo ina mambo yake. Samaki wa kuliwa mbichi, kama wa sushi, mamlaka za chakula za Marekani zinashauri agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au chini zaidi kwa siku saba ili minyoo ife. Friji ya nyumbani kwa kawaida haifiki hapo, na stima ya mtaani kwetu mnaijua. Nikitaka sushi nitaitafuta kwa mtu mwenye friji ya kazi na wateja wa kumaliza samaki wake siku hiyo hiyo. Wali wake wa siki naujua kupika, lakini wali si tatizo.

Sasa kuna wale watakaoniambia mambo haya yamekwisha, siku hizi unabonyeza simu na pikipiki inakuletea. Mimi mtu wa programu ningepaswa kufurahi. Lakini chakula cha moto mkali ndicho kisichosafiri. Naan ikifungiwa kwenye boksi inajitoa jasho, na baada ya foleni ya Ngong Road unatafuna mpira. Pizza vivyo hivyo. Vinavyosafiri vizuri ni biriani, mchuzi na daal, yaani vile vile ambavyo ungepika mwenyewe! Unalipa bei ya mkahawa, unalipa ya pikipiki, na ulichokwenda kununua, lile joto, limebaki Westlands. Chakula cha tandoor kiliwe mita kumi kutoka kwenye tandoor.

Kinachonisumbua kwenye hesabu hii ni injera, kwa sababu kwao Ethiopia ni chakula cha nyumbani hasa. Unga wa teff unachachushwa siku mbili tatu kwa maji ya chachu ya mara iliyopita, kisha unamwagwa kwenye mitad, bamba pana la mviringo ambalo wengi wetu hatuna pa kuliweka. Nyumba inayokula injera kila siku inafaidi, chachu yake haifi. Wewe unayeila mara moja kwa mwezi utakuwa unaanza upya kila mara. Lakini wat, ule mchuzi wa kuku, ni kitunguu kingi kilichokatwa ndogo ndogo na kupikwa polepole bila mafuta mpaka kiwe rojo, ndipo samli na berbere vifuate. Hakuna moto wa ajabu hapo, ni kusimama tu na mwiko karibu saa nzima. Mkahawa wa Kihabeshi ulio karibu nawe ukiuuliza unaweza kukuuzia injera peke yake. Zichukue kumi Jumamosi asubuhi, uzifunge kwenye kitambaa zisikauke, halafu rudi nyumbani uanze kukata vitunguu.