Usiongeze S, Dada: Mchezo wa Maneno Una Kiswahili Chake



Leo tumekuja na ugomvi. Tunagombana na wale wanaowafundisha wanawake wa Kiswahili kucheza mchezo wa maneno kana kwamba sote tumezaliwa London.

Sisi ni wanawake wa Unguja na Pemba tuliofuata waume au kazi tukajikuta Mpanda, mkoani Katavi. Kuja huku ni boti mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Tabora, kisha tawi la reli linalochepuka Kaliua na kuishia hapa hapa. Reli ikiisha, nawe umefika. Biharusi mgeni akishaosha vyombo baada ya Isha hana mama wa kumpigia hodi wala shoga wa kukaa naye barazani. Ana simu. Ndiyo maana wengi wetu tumeuzoea ule mchezo wa dadu za herufi, tukishindana na ndugu zetu walioko nyumbani.

Kwa asiyeujua: dadu 16 zenye herufi hutikiswa na kukaa katika mraba, nne kwa nne. Una dakika tatu za kuunda maneno kwa herufi zinazogusana, ziwe ubavuni, juu, chini au mshazari. Dadu moja huitumii mara mbili katika neno moja. Neno la herufi tatu au nne lina alama 1, la tano 2, la sita 3, la saba 5, na la nane au zaidi 11. Neno mliloliona wawili linafutwa kwa wote. Mchezo wenyewe ni Boggle, aliobuni Allan Turoff, ukatolewa Marekani na Parker Brothers mwaka 1972. Siku hizi mtandaoni umejaa ndugu zake wa kila jina.

Sasa ugomvi wenyewe. Mdogo wetu mmoja, biharusi wa miezi mitatu, aliomba mbinu za kuanzia. Akaambiwa: tafuta S ya kutia mwishoni, tafuta -ING, tafuta -ED. Alipojaribu maneno yake mwenyewe simu ikayakataa moja baada ya jingine. Akaizima na kusema, "Mimi sikusoma, mchezo huu ni wa wasomi." Na huyu ni binti aliyehitimu madrasa, na barua yake ya Kiswahili ukiisoma unatamani iendelee. Wallahi tuliumia.

Simu ile haikuwa imempima akili. Ndani yake mna orodha ya maneno ya Kiingereza, basi. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Leo mtoto wa Unguja aambiwe na simu kuwa maneno yake si maneno, naye akubali? Hatukubali.

Sisi tunafanya hivi. Simu tunaiachia kazi mbili tu, kutikisa herufi na kuhesabu dakika. Maneno tunayaandika kwenye karatasi, kisha tunatumiana picha. Mwamuzi ni kamusi, na sheria tunakubaliana kabla ya saa kuanza: kitenzi kikiwa peke yake au na mnyambuliko wake kinakubaliwa, chenye wakati kama "anapika" au "nitalima" hapana, la sivyo hatutamaliza kuhesabu mpaka alfajiri. Tazameni ubao huu:

P I K A
L M I N
A S H A
T U A Qu

Mbinu ya kwanza: anza na irabu. Neno la Kiswahili, isipokuwa machache ya kukopa, huishia na a, e, i, o au u. Basi tafuta irabu ulizonazo, kisha rudi nyuma uone herufi zipi zinaifikia. Hiyo Qu ya pembeni isikupotezee hata sekunde. X nayo ni hivyo hivyo. C bila H jirani yake haina kazi kwetu.

Ya pili: ukikamata kitenzi, kinyambue. Hapa ndipo tunapowapita. Pika ina alama 1. Lakini humo humo mna pikia, alama 2, na pikisha na pikiana, alama 5 kila moja. Mzizi mmoja umekupa alama 13. Fanya vivyo hivyo kwa lima: limia, limisha, limiana, 13 nyingine. Aliyefundishwa kutafuta -ING ameyapita yote hayo kama anayepita sokoni na macho yamefumbwa.

Ya tatu: wingi wetu uko kichwani. Kiingereza hutia S mkiani, sisi tunabadilisha mwanzo. Shina ni alama 2. Sogea kwenye M na A zilizo jirani upate mashina, alama 5. Ukiona KI tafuta VI, ukiona M tafuta WA au MI.

Ya nne: hesabu herufi zinazojirudia. Kosa la wanaoanza wengi ni kuandika "mimi" hapa. M iko moja tu! Baba inataka B mbili, kaka K mbili. Kiswahili kinapenda kurudia, dadu hazipendi.

Ya tano: chimba maneno ya kwenu. Pika kila mtu ataiona, na itafutwa. Lakini sisi tuliona kimia, wavu wa kuvulia samaki. Shoga yetu mzaliwa wa Mpanda akacheka, "Si mmekosea kuandika kimya?" Kamusi ikafunguliwa, alama 2 zikabaki kwetu. Siku nyingine yeye akatuandikia mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika tunayemla huku kila wiki, na sisi tukiwa hatujamfikiria. Lina herufi saba, alama 5. Akaongeza I ya wingi, migebuka, zikawa nane, alama 11. Tukanyamaza. Kiswahili cha pwani na cha bara vimekutana mezani, na hakuna aliyedharauliwa.

Wako watakaosema, "Mwacheni acheze kwa Kiingereza, kitamsaidia." Anayetaka Kiingereza na akisome, kwa mwalimu na kwa daftari, nasi tutampongeza. Lakini ushauri unaomfanya mwanamke aone aibu kwa lugha aliyobembelezewa si mbinu ya mchezo. Ni kumvunja moyo.

Mama zetu nao wana neno lao: dadu si haramu? Hilo hatulichekei. Hadithi ya nardi imo katika Sahihi Muslim, na wanazuoni wengi wamekataza nardi hata bila kamari. Sisi si mamufti. Mwenye wasiwasi na amuulize shekhe wake, na kwa sasa aache dadu kabisa: akate vipande 16 vya karatasi, aandike herufi, avitie kwenye kikapu na kuvitoa bila kutazama. A azitie nyingi, maana ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote. Mbinu zote tulizosema zitafanya kazi vile vile. Ama pesa, hata shilingi moja isiwekwe, hiyo ni kamari bila mjadala. Wala usicheze na wanaume usiowajua kwa sababu tu mchezo umewafungulia mlango wa kuzungumza. Na adhana ikilia, dakika tatu zinakatwa hata kama zimebaki sekunde kumi na umeona neno la herufi nane.

Mdogo wetu? Tulimkalisha na kikapu cha karatasi, tukampa ubao ule ule wa juu. Neno lake la kwanza lilikuwa shani. Hakuna mwingine aliyeliona.

Basi dada, ukiambiwa ongeza S, mjibu kwa upole kwamba kwenu wingi huanzia kichwani. Na nyinyi mlioko Unguja na Pemba, wapigieni mabiharusi wenu walioolewa mbali. Ubao mmoja kabla ya kulala unatosha kumjulisha kuwa hajasahauliwa.

Wabillahi tawfiq.