Duka moja, madaftari manne: hesabu za biashara zetu ziunganishwe

Ukiingia katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Lubumbashi, mara nyingi utakuta daftari la mauzo kando ya sanduku la fedha, daftari la madeni mkononi mwa mwenye duka, karatasi za stoki kwenye depo, na mhasibu anayepita mwisho wa mwezi kukusanya risiti za kodi. Kila moja linasema lake. Yakikosa kupatana, wa kwanza kushukiwa ni kijana wa depo.

Ndiyo maana gazeti letu linaunga mkono programu za uhasibu zilizounganishwa. Mauzo yanaandikwa mara moja tu: papo hapo stoki inapungua, deni la mteja linaonekana, TVA inahesabiwa na kitabu cha mhasibu kinajazwa. Kila andiko linabeba jina la aliyeliingiza na saa yake. Mifuko 20 ya saruji ikikosekana, mtu anaweza kufuatilia kama ilitoka bila fakture, au haikufika kabisa kutoka Kasumbalesa. Ni wafanyakazi wangapi wamekatwa mshahara kwa sababu ya kosa la kalamu? Wauzaji wa programu hizo husifu kasi na usasa. Jambo hili hawalitaji sana.

Lingine ni pesa zetu mbili. Tunanunua kwa dola, tunauza kwa dola na faranga, tunalipa mishahara kwa faranga. Mwaka 2025 faranga ilipanda thamani ghafla, na wengi walichanganyikiwa. Tuseme mtu alikopesha bidhaa za dola 1,000 wakati dola moja ilikuwa faranga 2,850, akalipwa ilipokuwa 2,300. Dola zake zimerudi zote, lakini faranga 550,000 hazipo, na mishahara haikupungua. Daftari litaandika tu «amelipa». Programu inayoshika pesa zote mbili, ikiwekewa kiwango cha kila siku, itaonyesha hasara hiyo kabla ya mwenye duka kuagiza mzigo mwingine.

Sheria nayo inadai zaidi ya daftari. Kongo imo katika OHADA tangu 2012: hesabu zinashikwa kwa faranga, na vitabu pamoja na hati zake vinahifadhiwa miaka 10. Anayeshika hesabu kwa kompyuta hana ruhusa ya kufuta andiko lililokwisha kuthibitishwa. Kosa linasahihishwa kwa andiko jipya. Jedwali la Excel, ambalo yeyote anaweza kulibadilisha usiku, halitoi dhamana hiyo.

Tunajua vizuizi. Umeme unakatika, intaneti ni ghali, na leseni ya kila mwezi inamlemea mwenye duka dogo. Mama anayeuza unga sokoni hana haja ya mashine hiyo; OHADA yenyewe imeweka mfumo mwepesi kwa biashara ndogo, wa kuandika pesa inayoingia na inayotoka.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko umeme ni bosi mwenyewe. Anachukua pesa kwenye sanduku kwa ada ya shule, kwa matanga, kwa mgeni aliyefika, na haandiki. Hakuna programu itakayoona asichoandika. Wengine wanakataa kuandika kwa kuogopa kodi, na hofu hiyo tusiidharau: mlango mmoja unagongwa na huduma nyingi za serikali, kila moja na karatasi yake. Serikali ikitaka hesabu za wazi, ianze kupunguza magongo hayo.

Kwa anayetaka kuanza, afunge duka siku moja ahesabu stoki yote, maana programu iliyoanza na stoki ya kubahatisha itadanganya mwaka mzima. Kisha aendeshe daftari na kompyuta pamoja miezi miwili au mitatu. Na kabla ya kulipa amuulize muuzaji: je, ina mpango wa hesabu wa SYSCOHADA, kama ulivyo tayari ndani ya Sage na Odoo? Inafanya kazi intaneti ikikatika? Na siku nikiacha kulipa leseni, hesabu zangu za miaka iliyopita nitazipata wapi?