Ordinatere ya likirimba na orodha yake ya zamani



Juma lililopita tulifungua ordinatere yetu ya likirimba, iliyokuwa imelala majuma mengi kwa kukosa umeme. Ndani yake mna hesabu za kila mama: nani ametoa, nani anangoja zamu yake. Tangu benki za hapa Goma zilipofunga milango mnamo Januari 2025, hesabu hizo zimezidi kuwa na uzito. Tulitaka kuongeza programu moja ya kuchapisha. Ikakataa. Tukarudia mara tatu, mega zikaisha bure.

Kosa lilikuwa letu. Ordinatere hiyo inatumia Ubuntu, mfumo wa bure uliotoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu haitafuti programu ovyo kwenye intaneti. Inatunza orodha ndani yake: programu zipi ziko, toleo gani, zinachukuliwa wapi. Yetu ilikuwa imezeeka. Ni kama kumtuma mtoto soko la Virunga na karatasi ya mwaka jana: anamtafuta mama wa sombe mahali pake, anaambiwa alishahama. Ordinatere nayo iliomba faili ambalo lilishaondolewa na kuwekwa jipya. Ikajibiwa 404, maana yake hakipo.

Dawa ni amri hii: sudo apt update. Inaleta orodha mpya tu, haigusi programu hata moja. Kubadilisha programu zenyewe ni kazi ya amri nyingine, sudo apt upgrade, na hiyo ndiyo inayokula mega nyingi. Lakini inataja kwanza ukubwa wa mzigo na kuuliza kama tunakubali. Kwa miezi tulikuwa tunaikimbia amri ya kwanza kwa kuogopa gharama ya ile ya pili!

Basi tukaandika amri. Nayo ikagoma: eti orodha haijaanza bado kutumika. Tulicheka, mpaka mmoja wetu akatazama saa. Kabetri kadogo ka ndani kalikuwa kamekufa, na ordinatere ilidhani tuko miaka ya nyuma. Orodha hutiwa sahihi na tarehe ili mtu asituletee ya uongo. Kwa saa ile, yetu ilionekana imeandikwa siku ambayo haijafika. Tukarekebisha saa, ikapita.

Wenye Ubuntu 20.04 watazame vizuri: msaada wake wa kawaida uliisha mwaka 2025, kwa hiyo orodha mpya peke yake haitawaletea tena marekebisho ya usalama. Hao wahamie toleo jipya, lakini wanakili hesabu zao kwanza, hata kwenye kaye.

Sisi sasa tunaleta orodha kila Jumatatu, mega zikiwa bado nzima. Na mama anayejua duka la Birere linalouza betri hizo ndogo atuambie, maana kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma tena.