Kiswahili na Mafunzo ya Waratibu wa Safari za Ndege

Kila ndege kubwa ya abiria inayopaa kutoka Embakasi huwa imekwisha kusafiri katika hesabu kabla ya rubani kuketi usukanini. Aliyeisafirisha huko ni mtu ambaye abiria hamwoni: ndiye anayeichagua njia, kuzisoma taarifa za hali ya hewa, kukokotoa mafuta na shehena, kisha kuifuatilia ndege hadi itue. Nchini Marekani sheria humbebesha yeye na rubani dhima ya pamoja. Kwa Kiingereza ana jina na leseni. Kwa Kiswahili hata jina lililokubaliwa na wote hana. Hapa ataitwa mratibu wa safari za ndege, jina lililozaliwa na haja.

Mafunzo yake si haba. Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinamtaka mwombaji wa leseni awe ametimiza miaka 21, aonyeshe ujuzi wa sheria za anga, hali ya hewa, utendaji wa ndege na mawasiliano ya redio, tena awe amehudumu chini ya uangalizi kwa siku 90 za kazi katika miezi sita inayotangulia ombi lake. Haya yote Mkenya huyasoma kwa Kiingereza.

Wapo wanaoshikilia kwamba taaluma hii haimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dai hilo lina ukweli nusu. Lugha moja redioni ni suala la uhai, na mpenzi wa Kiswahili anayetaka kuibadilisha katika safari za kimataifa anaitakia lugha yake mema kwa njia mbaya. Lakini kusema redioni ni jambo moja, na kuelewa darasani ni jingine.

Usiku wa Januari 25, 1990, Boeing 707 ya shirika la Avianca kutoka Colombia ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri kutua New York, ikaishiwa mafuta na kuanguka. Watu 73 walikufa. Redioni ilisemwa kwamba mafuta yanakwisha. Neno la dharura halikutamkwa. Wachunguzi walitaja pia kwamba marubani hawakuutumia mfumo wa uratibu wa safari uwasaidie. Maneno yalikuwapo, kilichopotea ni tofauti baina ya neno na neno.

Tofauti hizo ndizo mwanagenzi anazopaswa kuzimiliki. Kuna mafuta ya safari yenyewe, mafuta ya tahadhari, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya hayo ya safari, mafuta ya kufikia uwanja mbadala, na akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege ya jeti ni ya dakika 30. Rubani akiona kwamba atatua akiwa na chini ya akiba hiyo, hana budi kutangaza dharura. Mtunga istilahi asiyeijua kazi hii ataziita zote tatu za baada ya safari "mafuta ya akiba", na hapo atakuwa amezua hatari badala ya istilahi.

Si kwamba lugha ni maskini. Rubani mwenyewe alitoka baharini, alikokuwa mwelekezi wa vyombo. Shehena, farumi na usukani ni maneno ya manahodha. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na adhuhuri ya joto huzidi kuwa nyepesi. Mbawa hukosa nguvu, injini nazo hulegea, hivyo ndege iliyojaza mafuta ya masafa marefu huenda ikalazimika kuacha sehemu ya shehena. Ni fizikia kamili, na haikuhitaji neno geni.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huandaa makongamano mengi kuhusu istilahi, aghalabu bila mwanataaluma hata mmoja wa fani inayotungiwa maneno. Embakasi si mbali. Orodha ya kwanza ingeanza na aina hizo nne za mafuta, ikapelekwa kwa wakufunzi waikosoe kabla haijamfikia mhariri yeyote wa kamusi.