Fundi, riseti kwanza, pesa baadaye

Wasee, hii tabia ya mafundi wengine lazima isemwe. Unapeleka gari throto ioshwe, inarudi ikinguruma 1,500 RPM na umesimama tu kwa jam. Fundi anatingisha kichwa: "Senso ya throto imekufa, nunua throto nzima." Zii. Pole pole, boss.

Uchafu ukijaa kwa throto, kompyuta ya gari huzoea kufungua kile kisahani zaidi kidogo ndio injini ipate hewa. Ukiosha, uchafu umeenda lakini kompyuta bado inafungua kama zamani. Hewa inaingia mob, RPM inapanda. Sasa hapo senso imekufa wapi?

Kwa Nissan nyingi, hatua ya kwanza ni bure. Usikanyage mafuta. Weka swichi ON bila kuwasha injini, zima, ngoja sekunde 10. Utaskia throto ikilia kidogo, inajitafutia mahali pa kufunga. RPM bado iko juu? Injini ikishika moto, fundi aunganishe mashine ya kusoma gari aifunze kompyuta kipimo kipya cha hewa. Alipwe kazi yake, sina shida na hiyo.

Senso hufa kweli, sikatai. Lakini akuonyeshe kodi ya hitilafu kwa mashine kabla hujatoa hata shilingi ya spea. Akikataa kukuonyesha, chukua funguo zako uende kwa fundi mwingine.