MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Ndugu atokaye Mpale akafika Moshi na alitazame jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Mchoraji wake, Ernst May, alikuwa Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi. Hitler aliposhika dola mwaka 1933, hakuweza kurejea kwao. Akaja Tanganyika mwaka 1934. Wakulima walifaidi ujuzi wake. Hata hivyo, ramani yake ya kuupanua mji wa Kampala, ya mwaka 1947, iliwatenga Waafrika kwa rangi, kama wakoloni walivyotaka. Basi mafunzo ni mawili: mkimbizi tumpokee, kwani ni mtu mwenzetu na ana kazi mikononi, lakini ubaguzi tuukatae, hata ukichorwa na aliyebaguliwa.